Pijama Isiyoshika Moto

Nsimire mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili, na kupitia ukuta huu wa mbao ninakusikia ukimbembeleza Asifiwe kwa wimbo uleule unaoukosea maneno tangu utoto. Habari za hapa unazijua pia. Tumekula samaki wetu wadogo, sambaza, na bugali, papa yako amekula sahani mbili kwa sababu ya huzuni, na wewe umenuna. Mimi nami nimenuna, ila kwangu hakuonekani, kumefunikwa na unene.

Papa yako amekwisha kulala. Suti yake ya abacost ya sherehe ameitundika mlangoni, imepigwa pasi, utadhani kesho ni yeye anayepanda ndege na sisi ndio tunaomsindikiza mpaka uwanja wa Kavumu. Aliponiona nimekaa na kalamu akasema niandike kwa Kifaransa, wewe ni mtu wa diplome. Nikamwambia Kifaransa changu kinatosha kusalimia, hakitoshi kuomba msamaha. Akavuta shuka mpaka kichwani.

Barua hii nitaiweka katikati ya nguo za mtoto, ili uikute Kinshasa utakapokuwa unatafuta kitu fulani na kukikosa. Au utaikuta mapema, ndani ya ndege, kwa sababu wewe ukifungiwa kitu unakifungua kabla ya safari kuanza. Sitakufundisha kuchemsha maji wala kukaa na mama mkwe. Ya maji unayajua. Ya mama mkwe, subiri kidogo, utaona mimi mwenyewe nilivyoyafanya.

Ninataka kukuandikia juu ya ile pijama.

Leo mchana, tukipanga vitu, ulizamisha mkono mpaka chini kabisa ya sanduku langu la chuma ukaitoa: ya manjano, soksi zimeshonwa pamoja na miguu, bata kifuani, alama nyeusi ya moto kwenye mkono mmoja. Ulicheka. Ulimpimia Asifiwe, ukasema itamwenea akianza kutembea. Nami nikakunyang'anya. Sikukuomba, nilikunyang'anya, kama askari anavyonyang'anya muuzaji karanga zake, mpaka mtoto akalia. Ukaniuliza sababu, nikajibu kwamba ni nguo nzee. Jibu la kijinga, maana valizi yako imejaa nguo nzee na mimi ndiye niliyezikunja.

Ulisema: "Maman, nguo hii ndiyo iliniokoa. Wewe mwenyewe uliniambia kila siku." Halafu, ulipoona ninairudisha sandukuni: "Basi, uchunge kitambaa chako."

Kweli ilikuokoa. Hilo sikukudanganya. Lakini hadithi ile nilikuwa ninakuhadithia nusu, nusu tamu, na nusu nyingine nimekaa nayo kama mtu aliyekalia sindano mbele ya wageni.

Nianze na dada yako. Mwamini unamjua kwa picha ya ukutani, amevaa gauni la nailoni lenye mikunjo, amekunja uso kwa sababu mpiga picha alikuwa amemwahidi bonbon na hakumpa. Gauni lilikuwa la Noeli. Mimi ndiye niliyemnunulia, na nilimwachia alivae hata siku za kazi, kwa kuwa nilipenda watu wamwone. Wakati huo nilikuwa ninauza tomati soko la Kadutu na papa yako alikuwa darasani. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Mwamini nilikuwa nimemwachia tate yako, mama wa papa yako, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchoka. Mtoto aliinama juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, kuchukua kiazi kilichokuwa kinachomwa. Nailoni ikishika moto haiwaki tu, inayeyuka na kunata. Sitaandika zaidi.

Nilipofika, tate yako alikuwa amekaa chini, mikono yake yote miwili imeungua. Aliniambia: "Niligeuka kidogo tu." Maneno hayo aliyarudia mpaka siku aliyokufa, hata kwa watu ambao hawakumwuliza. Na mimi, Nsimire, sikumjibu hata mara moja. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka misa, lakini sikumjibu. Nilijiambia kwamba laiti macho yake yangekuwa mazima. Nilikuwa na hasira na macho ya mwanamke mzee, na nikaanza kutafuta kitu cha kuyashinda.

Kitu hicho kilinijia ndani ya balo, maana nilikuwa nimeacha tomati nikaanza kuuza nguo.

Wewe umekuta maduka, hujui mambo ya balo yalivyokuwa. Ni furushi kubwa la nguo za Ulaya, limebanwa kwa mikanda ya chuma, linatoka Bujumbura kwa lori kupitia Kamanyola. Unalinunua limefungwa. Huruhusiwi hata kuchungulia. Siku ya kulifungua unawaita wanawake wenzako, mmoja anasali, mwingine anashika koleo, mikanda inakatwa, na nguo zinaruka kama kitu kilichokuwa kimezuia pumzi. Hapo ndipo unajua umebarikiwa au umepata makoti ya baridi kali ambayo Bukavu nzima hakuna atakayeyavaa. Mimi kabla ya siku hiyo nilikwisha kupata makoti, nikapata kaptula za wazee wanene, na safari moja sidiria tupu, mpaka papa yako akakataa kupita mbele ya meza yangu akiwa na wanafunzi.

Siku hiyo zikaruka pijama za watoto. Pijama tupu, na zote mpya. Mikunjo ya dukani ilikuwa bado, pini zilikuwa bado kolani, na zilikuwa na harufu kali kama ya chumba cha sindano. Wanawake wakazipapasa kwa wivu. Hakuna aliyeuliza ni mtu gani mwenye akili anayetupa nguo mpya za watoto ndani ya balo la nguo zilizovaliwa. Mimi pia sikuuliza. Nilidhani Mungu ameangalia chini, ameona mwanamke mnene wa Kadutu, akamhurumia.

Mfanyabiashara aliyetuletea mabalo alikuwa bado yupo, anasubiri lori lake lishushwe. Akachukua moja, akawasha kiberiti, akakiweka kwenye pindo. Kitambaa kikajikunja, kikawa cheusi, kikatoa moshi mdogo, kikazimika. Akatueleza kwamba nguo hizi zimewekewa dawa ya moto, kule kwa Wazungu kila mtoto analala ndani yake. Jambo moja tu: tusizifue kwa sabuni, dawa itatoka.

Nililia pale sokoni mbele ya watu. Wenzangu walidhani ni furaha ya biashara. Nilikuwa ninaona kwamba kumbe kitu hicho kilikuwapo duniani, kilikuwa kinakunjwa na kupigwa pini, wakati Mwamini anainama juu ya mbabula.

Tangu siku hiyo nikawa Mama Haiwake. Jina hilo unalijua. Watu walikuja hata kutoka Bagira kuniona. Nilikuwa ninapanda juu ya kreti, ninashika pijama kwa mkono mmoja na kiberiti kwa mwingine, ninasema "Angalieni, ba maman," na wote wanarudi nyuma hatua moja, halafu moto unazimika na wanasogea tena. Papa yako alisema nimekuwa mchawi mwenye leseni. Askari mmoja alikuja akaniuliza: "Citoyenne, iko ya grandeur yangu, ya kunienea? Kwangu nyumbani moto ni bibi yangu." Watu walicheka mpaka tomati za jirani zikamwagika.

Na kila aliyenunua nilimpa mafundisho. Usifue na sabuni. Chovya kwenye maji, tikisa, anika, basi. Niliyasema kwa nguvu, kama mtu aliyekoroga dawa hiyo mwenyewe kwa mwiko wake. Wamama wakanitii. Unajua sisi tulivyo na nguo: mwanamke wa hapa akimtoa mtoto nje bila kumfulia, jirani zake wote wanajua. Lakini kwa ajili yangu wakaziacha pijama hivyo, zina jasho, zina uji, zina mikojo ya jana, wanazitikisa kwenye maji na kuzianika, wakiona wanachunga uhai wa watoto.

Mmoja tu alinikatalia, Mama Cikuru, jirani yetu wa chini ya kiwanja. Yule anafua hata sabuni yenyewe. Alikuwa anaisugua pijama ya Cikuru, anaipiga juu ya jiwe, povu linateremka mpaka barabarani. Nilimfokea juu ya uzio, nikamwambia anaharibu kinga ya mutoto. Hakuinua kichwa. Alinijibu: "Mama Haiwake, wewe zima moto. Mimi niko nafua mutoto wangu." Siku nyingi sikumsalimia. Nilimwona mshamba.

Yako wewe haikugusa sabuni. Nilikuwa nimekuwekea nyingine kubwa zaidi za baadaye, na ile ya bata niliwaza itabaki ya mdogo wako ambaye hakuja. Ulilala ndani ya hiyo ya bata, ukatoka jasho ndani yake wakati wa homa, na mkono wa kushoto uliutafuna. Ulikuwa na tabia hiyo: ukisikia usingizi unaingiza pindo la mkono mdomoni na kulinyonya mpaka linalowa. Nilikuwa ninakutazama ninasema, huyu hakuna kitakachomgusa.

Na jioni ile ulianguka, umeivaa. Umeme ulikuwa umekatika, mimi ninatwanga majani ya sombe, mbabula iko karibu na mlango. Ulikimbia kumfuata papa yako, ukajikwaa, mkono ukaenda katikati ya makala ya moto. Nilitupa mchi. Mkono wa pijama ulishika, nikaona ulimi wa moto, halafu ukajizima wenyewe, kabla sijafika. Kabla sijafika, Nsimire. Ulipata alama ile ya kiwiko, basi. Usiku huo papa yako alipiga magoti, yeye ambaye husali akiwa amekaa kwa sababu ya mgongo.

Hapo ndipo nilikuwa ninaishia kila nilipokuhadithia. Ulikuwa unapiga makofi.

Sasa ile nusu nyingine. Siku chache baadaye nilikupeleka dispensere ya Ibanda wakufunge hicho kiwiko. Kulikuwa na masera mmoja, mtawa muuguzi, Mzungu mwenye miguu mirefu, aliyekuwa amerudi kutoka likizo kwao. Alipokufunua akauliza mtoto ameunguaje kidogo hivi. Nikafurahi kuulizwa. Nikamwambia ngoja, Masera, nikutolee maajabu. Nikatoa kiberiti changu, maana nilikuwa ninatembea nacho kama padri na rozari, nikashika pindo la nguo yako ili nimwonyeshe.

Alinishika mkono. Hakunishika kwa ukali. Aliuliza nguo hii nimeitoa wapi, na kama ziko nyingi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba Kadutu nzima inalala ndani yake. Akakaa chini kwenye kiti cha wagonjwa. Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchongachonga, kwamba kule zinakotoka wamekataza kuziuza. Dawa ile haikai kwenye kitambaa tu. Inatoka, inapita kwenye ngozi ya mtoto, inaingia mwilini, na waliojaribu kuipima wanaogopa inaweza kuleta ugonjwa wa uvimbe mbaya, si leo, labda baada ya miaka mingi. Zile zilizokuwa zimebaki bila kuuzwa, ndizo wengine wamezisukuma mbali, kwa watu ambao hawajasikia.

Ndiyo maana zilikuwa mpya. Ndiyo maana pini zilikuwa bado kolani.

Niliuliza kama kuna dawa ya kutoa dawa hiyo. Akaniuliza yeye:

"Mulikuwa munazifua sana?"

"Hapana, Masera. Tulizichunga."

"Na sabuni?"

"Hata kidogo."

Aliangalia dirishani. Akasema kwamba kufua na kufua tena, huenda kungepunguza. Halafu, aliponiona uso wangu, akasema inawezekana hakuna kitakachotokea. Inawezekana kabisa. Alilisema neno hilo mara nyingi, mpaka nikaelewa kwamba hana jingine.

Nilikuvua pale pale, nikakufunga ndani ya kikwembe nilichokuwa nimejifunga kiunoni, nikapanda mlima wa Kadutu nikiwa na gauni la ndani. Wewe uliona ni mchezo.

Kuhusu siku zilizofuata nitasema kwa kifupi kwa sababu ya aibu. Nilirudi sokoni. Nilipanda kreti ileile, nikawaambia wanawake kwamba nguo zile zina sumu, wawavue watoto. Walingoja nitoe kiberiti. Walidhani ni namna mpya ya kuuza. Mmoja akasema nimepata balo jingine, ninataka watupe za zamani wanunue mpya. Mwingine, mama wa watoto wengi kutoka huko juu, alinivuta pembeni. Alikuwa amemzika mtoto aliyekufa kwa moto, kama mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ugonjwa huo unakuja baada ya muda gani. Nikamwambia miaka mingi, labda mtoto akiwa mtu mzima. Akaniambia: "Hiyo ni ugonjwa ya watu wenye kuwa na miaka mingi. Mimi niko na mbabula leo." Akaondoka na pijama yake.  Mpaka leo ninapofua, ninapopika, ninapokaa misa, ninamtafutia jibu.

Mama Cikuru nilimwendea wa mwisho, kwa kuwa kwake ndiko kulikuwa kugumu zaidi kwenda. Nilimweleza yote, na ya sabuni pia. Nilidhani atacheka, ningependa angecheka. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni, akanipa, akarudi kwenye jiwe lake.

Na zile zilizobaki bila kuuzwa? Hapa utaona akili ya mama yako. Kuzitupa niliona hasara, kuziuza niliona dhambi, basi nikazikata vipande na kujazia mito ya viti vya salon. Ndiyo, viti vilevile. Papa yako amesahihisha madaftari juu yake miaka yote hii. Wewe umesomea mitihani juu yake, na mwezi huu Asifiwe amekuwa akilala usingizi wa mchana juu yake, shavu limelala kwenye mshono unaovuja. Nilijiambia kwamba ikiwa ndani ya mto si nguo tena. Juzi nikaona vumbi la manjano kwenye kiganja chake, naye anakipeleka mdomoni, kama wewe. Ndiyo sababu jana ulikuta salon haina mito nikakuambia nimeipeleka kushonwa. Iko ndani ya magunia nyuma ya choo. Papa yako amekaa juu ya mbao tangu jana na hajauliza, ananiogopa.

Masera aliniambia pia kwamba dawa za namna hiyo wanatia kwenye vitu vingi, viti, mapazia, hata viti vya ndege. Kwa hiyo kama umefungua barua hii njiani, huenda umeikalia. Kaa tu. Utafanya nini, usimame mpaka Kinshasa?

Ninajua utakachouliza. Kama nilijua, kwa nini niliendelea kukuhadithia ile nusu tamu? Kwa sababu ulipenda kuisikia. Na kwa sababu kila ulipoonyesha kiwiko chako kwa wageni na kusema "nguo yangu ilizima moto," nilikuwa ninapata siku moja zaidi ya kutosema. Lakini nilikuwa ninakuangalia. Wewe ulidhani mama yako ni mtu wa kukumbatia. Nilipokuwa ninakukumbatia, vidole vyangu vilikuwa vinapita shingoni, kwapani, vinatafuta kitu. Ulipovunja ungo, ulipopata typhoïde, ulipokonda kwa ajili ya yule kijana mwenye pikipiki, kila mara nilisema moyoni, ndiyo hii imekuja. Asifiwe alipozaliwa nilimgeuza na kumgeuza mpaka mzalishaji akaniuliza kama ninanunua mbuzi. Wote mlicheka, mimi pia nilicheka. Ulikuwa ukaguzi.

Hakuna nilichokiona. Huenda hakuna cha kuona. Huenda masera alikuwa na haki na neno lake la inawezekana. Mimi sijui, na nitakufa sijui, na hicho ndicho ninachokupa badala ya mafundisho: mama yako alikutia kitu mwilini kwa mapendo, na hajui ni nini. Ukiona uvimbe usiouelewa, nenda kwa munganga wa hospitali upesi na umwambie habari hii, asiposadiki umsomee barua. Ninaomba hilo tu.

Sasa, kwa nini niliitunza ile ya bata? Kwa sababu pia ilikutoa kwenye makala. Isingekuwa yenyewe, pangekuwa na picha mbili ukutani. Sikuweza kuitupa na sikuweza kuitoa. Leo, baada ya chakula, ulipoingia kumlaza mtoto, nilisema basi, imetosha. Nikaitia ndani ya mbabula.

Utacheka. Haikuwaka.

Ilijikunja, ikawa nyeusi kwenye mguu mmoja, ikatoa moshi mbaya uliomtoa papa yako nje akiuliza nani anachoma tairi. Kisha ikazimika. Nikapuliza makala, nikarudia. Ikazimika tena. Mama Haiwake amesimama uani kwake anabembeleza moto, na moto unakataa. Papa yako alinitazama, akatazama bata, akaelewa, kwa maana yeye anajua yote isipokuwa mito. Akachukua koleo akaitoa. Tukaanza kuulizana tuitupe wapi. Mtoni, itateremka mpaka ziwani, na sambaza tunazila sisi. Kwenye korongo, watoto watakaookota wataivaa kabla ya saa sita. Tukiifukia, mvua moja ya Bukavu inateremsha kilima kizima na kila kitu ulichokificha kinapita mbele ya mlango wako. Kwa hiyo imerudi kwenye sanduku la chuma, na magunia ya mito yatangoja papo hapo nyuma ya choo mpaka nijue. Usiniulize lini.

Ndani ya valizi, mahali pijama ilipopaswa kuwa, utakuta gauni dogo. Nimelishona kwa mkono kutoka kikwembe changu cha maua mekundu, kile cha ndoa yako. Mishono imepinda, lakini mshono wangu wa kunyooka hukuwahi kuuona. Ni pamba tupu. Lifue kwa sabuni utakavyo, lipige juu ya jiwe kama Mama Cikuru.

Kipande kilichobaki nilikijaribu kwa kiberiti, mazoea mabaya hayaishi. Kiliwaka kabla sijatoa kidole.

Ndivyo ilivyo, mwanangu. Gauni hili linawaka, linawaka vizuri sana, na Asifiwe ataanza kutembea, na huko Kinshasa pia mnapikia makala. Sina dawa ya kukupa. Nilitafuta kitu cha kushinda macho ya tate yako, na umeona nilichopata. Sasa nimekuwa na umri wake, miwani yangu nimeifunga kwa uzi, na leo nikiwa ninashona karibu na moto, nimeinua kichwa mara nyingi na kukuta Asifiwe ametambaa, hayupo pale nilipomwacha. Niligeuka kidogo tu.

Laiti ningemwambia yule mama mzee kwamba kila mtu anageuka. Wewe nawe utageuka, kutakuwa na kazi, mgeni, wimbo kwenye radio. Ukigeuka, geuka tena upesi.

Taa imeanza kupungua. Mnuno wako umalizie njiani, usimfikishie mume wako, hana kosa.

Mimi mama yako, wa kidole kilichoungua